Nani Atatoa Trei ya Kwanza

Jumatano, 1 Oktoba 1997. Migori.

Daftari hili Awino alininunulia Kisumu mwaka juzi, nikalifungia kabatini nikisema litaanza kazi siku ya maana. Leo ni siku ya maana. Leo nimewakalisha watoto wangu kwenye viti vyao.

Nieleze vizuri, maana wajukuu watasoma. Mimi ni Helen, mama Chrispine. Nilifika darasa la sita shule ya misheni, na katika wasichana nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa binti wa mwalimu mkuu, kwa hivyo mnajua wenyewe. Marehemu mume wangu alioka mikate ya Mhindi Kisumu miaka kumi na minane, kisha akarudi hapa akajenga tanuri la matofali kwa mikono yake na ya Mwikwabe, Mkuria ambaye mpaka leo ndiye anayewasha moto wetu. Mkate akaupa jina la kifungua mimba wetu. Karatasi ya nta imeandikwa kwa wino mwekundu: MKATE WA CHRIS. Pita Migori asubuhi. Ukiona meza ya chai haina karatasi hiyo, jua hapo wanaishi wageni.

Tangu Baba Chris atutoke miaka mitatu iliyopita, kila mtu alishika kazi iliyokuwa karibu. Sasa lori la mikate kutoka Kisii limeanza kushuka hapa kila siku saa nne. Nikaona lazima tuwe na utaratibu, na mimi utaratibu naujua mmoja, ule wa boma. Wenye boma wakishafungua shamba, mtoto mkubwa hupanda, wadogo wanafuata. Nyumba ya mkubwa hujengwa kwanza. Mkubwa huvuna kwanza. Basi Chrispine ni wa kwanza, awe meneja, kwenye kiti cha baba yake ofisini. Javan ni wa pili, aendeshe pikap na kuuza madukani. Awino ni wa tatu na ni msichana, akae ndani na unga na hamira, ingawa alifanya kazi miaka minne kwa waoka mikate wakubwa Kisumu na anapenda kutukumbusha.

Pia nimewakumbusha sheria yangu ya trei ya kwanza. Tangu tulipomaliza matanga, trei ya kwanza ya asubuhi hutolewa tanurini na mkono wa Chrispine, na hakuna mkate unaovuka mlango kabla ya hapo. Mwikwabe alikuna kichwa.

"Mama Chris, na siku akiwa na malaria?"

"Chrispine hapatwi na malaria."

Na ni kweli. Huyo mtoto hata surua ilimruka.

Javan hakusema kitu. Javan huwa hasemi kitu. Awino alisema, "Sawa, Mama," kwa ile sauti yake ya Kisumu ambayo maana yake si sawa.

Ijumaa, 3 Oktoba

Chrispine amevaa tai. Nimepita mbele ya dirisha la ofisi mara nne.

Jumanne, 7 Oktoba

Nani mwingine Migori amezaa mtoto kama wangu? Chrispine alikwenda shule ya wasichana, ile ya bweni juu ya kilima, akaongea na mwalimu mkuu, Madam Mong'ina, mama wa Kikisii ambaye watu husema hajawahi kucheka tangu aajiriwe. Bawabu amemwapia Mwikwabe kwamba leo ameona meno yake. Chrispine amerudi na neno: mikate mia moja na themanini kila siku, saa kumi na mbili kamili asubuhi, kabla ya wasichana kunywa chai.

Hiyo ni theluthi ya mikate yote tunayooka. Awino alishika kichwa kwa mikono miwili yenye unga. "Mama, unaelewa? Tukiwa na hii shule, hata lori zije kumi hatuanguki. Tukiikosa tumekwisha."

"Tutaikosaje na kaka yako yuko?" nikamwambia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepanda mahindi yangu leo, mbegu imeingia vizuri. Kesho watapanda kwa Chrispine, keshokutwa kwa Javan.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya ibada niliwasimulia kina mama habari za mkataba wa shule. Niliwasimulia kwa kifupi, si zaidi ya nusu saa. Roseline wa kwaya, ambaye mdomo wake hauna kizuizi, akasema, "Haya, wavulana tumesikia. Na Awino ataolewa lini? Ama ataolewa na hamira?"

Nilicheka pamoja nao. Nyumbani sikucheka.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo wamebishana mbele yangu, Chrispine na Awino, nami nimefurahi kwa sababu ni ubishi wa watu wenye akili.

Chrispine alitandaza ramani mezani. Anataka mkate wake ufike Sori, Muhuru Bay, Kegonga, halafu Homa Bay kabla ya Krismasi. "Lori la Kisii linakuja kwetu, na sisi twende tusikotarajiwa. Muhuru wavuvi wanakula mihogo asubuhi kwa sababu hakuna aliyewapelekea mkate."

Awino akasema, "Lori linafika saa nne, na mkate wa jana. Sisi tanuri liko hapa hapa. Tuuze mkate unaochoma vidole, saa kumi na mbili, kila siku, bila kukosa. Hapa Migori tu. Mtu akizoea mkate wa moto haonji wa baridi tena."

"Hiyo ni biashara ya uoga."

"Ya kwako ni biashara ya petroli."

Mwikwabe alicheka mpaka akakohoa. Wakanigeukia mimi. Nikasema mkubwa amesema, basi tuifuate ramani. Awino akaikunja ile ramani taratibu, akampa kaka yake, akarudi kwenye unga.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mvua. Redioni wanaiita El Niño. Mimi naiita mvua.

Jumatano, 22 Oktoba

Javan amerudi kutoka Sori na mikate yote aliyoondoka nayo, kreti kwa kreti. Nilimuuliza, "Dukani ulisema nini?"

"Nilisema hamjambo."

"Halafu?"

"Wakasema hatujambo."

"Halafu?"

"Nikarudi."

Lakini mashine ya kukandia unga, iliyokuwa inapiga kelele kama nguruwe tangu Agosti, ameifungua jioni akaifunga, sasa inakoroma kama paka. Alijifunza wapi? Hajasema.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua. Nimemtafuta Chrispine ofisini mara tatu, kiti hakina mtu, tai imening'inia kwenye msumari. Alikuwa Kegonga. Gisiri mwenye hoteli ya chai kule ametuma salamu na jogoo, anasema hajaona kijana anayeongea na watu namna hiyo. Jogoo ni mkubwa. Nimemzungusha kwa majirani kabla ya kumfungia.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua usiku kucha. Shule imepata mkate saa kumi na mbili na dakika kumi, kwa sababu Chrispine alirudi amechoka na tulingoja aamke atoe trei. Madam Mong'ina aliangalia saa tu. Wasichana wa kidato cha nne wako kwenye mitihani.

Jumanne, 4 Novemba

Chrispine amekwenda Muhuru na Javan na pikap, watarudi jioni. Nilimwambia, "Ile barabara ya udongo mweusi?" Akanibusu kwenye kitambaa cha kichwa. "Mama, mimi na udongo mweusi ni marafiki."

Jumatano, 5 Novemba

Hawajarudi. Mvua imetuharibia. Shule imekosa mkate asubuhi ya mtihani. Siwezi kuandika.

Alhamisi, 6 Novemba

Jana niliandika kwamba mvua imetuharibia. Nimelisoma hilo neno asubuhi hii na limenichoma. Si mvua. Niandike yote sasa, kwa sababu kama daftari hili litakuwa la majivuno peke yake, wajukuu watalitambua kuwa la uongo.

Jana alfajiri Chrispine na Javan hawakuwa wamerudi. Tulijua tu wamekwama. Saa kumi na moja kasorobo Mwikwabe akasema mkate umeiva. Awino alikuwa ameshapanga kila kitu. Kwa kuwa pikap haikuwapo, aliita wanaume wanne wa baiskeli, wakaja na makoti ya plastiki, kreti zimefungwa karatasi za nailoni, kamba tayari. Walikuwa wamesimama chini ya paa la nje wakitetemeka. Awino akachukua lile pala refu la mbao ili atoe trei.

Mimi nikasimama mbele ya tanuri.

"Kaka yako hajatoa ya kwanza," nikasema.

"Mama, kaka yuko Muhuru kwenye tope."

"Atafika. Ngoja."

"Mama, wasichana wana mtihani saa mbili."

"Nimesema ngoja."

Mwikwabe akasema polepole, "Mama Chris, huu mkate unakauka ndani." Akarudisha makaa nyuma ili usiungue. Awino hakuninyang'anya wala kunisukuma. Alisimama na lile pala kama mtu aliyeshika bendera, machozi yakimtoka bila sauti. Mimi niliyaona na sikusogea. Nilikuwa nafikiria kiti cha Baba Chris. Nilikuwa nafikiria kwamba msichana akitoa trei ya kwanza, itakuwa kama mdogo amepanda kabla ya mkubwa, na kitu kibaya kitaingia kwenye boma. Nilijiona nalinda boma, na huku wanaume wa baiskeli waliondoka mmoja mmoja kutafuta abiria wao.

Saa mbili u nusu nikasogea. Mkate ulikuwa mgumu kama matofali ya tanuri lenyewe.

Saa tano Madam Mong'ina alikuja mwenyewe, kwa miguu, na gambuti, mwavuli umepinduka. Akasimama mlangoni. "Wasichana wangu mia sita wamekunywa chai ya rangi tupu, na kidato cha nne wakaingia hivyo kwenye mtihani wa hesabu. Nani alikuwa zamu hapa?"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Lakini kabla sijatoa neno Awino akasema, "Ni mimi, Madam. Tusamehe."

Madam akamwangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Mitihani inakwisha tarehe ishirini na moja. Siku moja tu tena nisione mkate saa kumi na mbili, mwakani nanunua wa lori. Angalau lori linafika saa ile ile kila siku." Akaenda zake na mwavuli wake uliopinduka.

Msichana wangu aliubeba mzigo wangu mbele ya mgeni, na mimi nikamwacha aubebe. Hiyo ndiyo habari ya jana. Leo alfajiri nilikaa chumbani, Mwikwabe akatoa trei, na baiskeli zimefika shuleni kwa wakati.

Ijumaa, 7 Novemba

Chrispine na Javan wamefika, tope mpaka kifuani. Chrispine aliingia akiimba: Muhuru maduka matano yanataka mkate, wamemwita mtoto wa nyumbani! Halafu akaona sura zetu. Hakuna aliyemwambia habari ya mlango wa tanuri. Wamemwambia tu mkate ulichelewa. Akakaa kwenye kiti cha baba yake akaangalia ukuta.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua. Chrispine ametoa trei ya kwanza kwa wakati, akalala tena kwenye magunia ya unga. Anaamka kwa nguvu kama mtu anayevutwa kwa kamba.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua. Awino ananisalimu vizuri kupita kiasi.

Jumamosi, 15 Novemba

Mvua ilipumzika, nikaenda shambani kuona palizi. Jirani yetu Osoro alileta maksai wake wawili wa kupalilia kwa jembe, wamefungwa vikapu vidogo mdomoni wasile mahindi. Wanatembea taratibu katikati ya mistari kama waumini wanaokwenda kupokea ushirika. Hakuna mche uliokanyagwa.

Nikamkumbuka Rabuor, maksai wa Baba Chris. Hakuna aliyekuwa na nguvu kama Rabuor. Shamba ambalo halijawahi kuguswa, lenye mizizi na vichuguu, Rabuor alilifungua akipiga kelele za furaha, na watu walikuja kutazama. Lakini mwaka tuliomweka kwenye palizi alikanyaga mistari mitatu kabla hatujamshika. Baba Chris alitaka kumchapa, halafu akaacha. Akasema Rabuor hana kosa, kosa ni la aliyemfunga nira shamba lisilo lake. Tangu hapo Rabuor alifungua mashamba ya tarafa nzima, na kupalilia tuliwapa wengine. Hakuna aliyemdharau. Alipozeeka watu walimsalimu kwa jina.

Nilisimama kwenye tope lile nikasahau hata kumjibu Osoro.

Kwa sababu nilikuwa nawapanga watoto wangu kwa siku walizozaliwa. Sikuwahi kuuliza tuna kazi gani msimu huu. Msimu huu hatufungui. Msimu huu barabara zimekufa, lori la Kisii liko mlangoni, na shule inatuangalia kwa saa. Msimu huu ni wa kutembea taratibu bila kukanyaga mche. Na mimi nimemfunga Rabuor mbele.

Osoro akasema, "Mama, unalia ama ni mvua?"

"Ni mvua," nikasema. Hapo kweli nilidanganya.

Jumapili, 16 Novemba

Kikao. Nimewaita wote baada ya chakula, na Mwikwabe pia, kwa sababu moto si wa kabila.

Kwanza nikawaambia habari ya tarehe tano, kwamba aliyezuia mkate ni mimi. Chrispine alisimama, akakaa, akasimama. "Mama, kwa ajili yangu? Wasichana wamekosa mkate kwa ajili ya mkono wangu?"

"Kwa ajili ya kichwa changu," nikasema.

Nikasema habari za Rabuor. Nilidhani Chrispine atakasirika kufananishwa na ng'ombe. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho. "Mama, kile kiti kinaniua. Siku ninazokaa pale nasikia ukuta ukinihesabu. Nilikuwa natamani hata malaria inipate, unipumzishe."

"Basi mpe Awino," akasema Mwikwabe. "Huyu ndiye anajua saa."

Chrispine akaangalia mikono yake. "Na watu watasemaje? Dada yangu mdogo amenipita nikiwa hai? Kesho nikijenga, nani ataingia nyumba ya mkubwa aliyepitwa na mdogo wake?" Hakusema kwa hasira. Aliogopa kweli, na mimi niliogopa pamoja naye, maana hayo si mambo ya kuchezea. Awino naye akasema, "Mimi sitaki kumpita mtu. Nataka mkate utoke." Tukakwama hapo kama pikap ya Muhuru. Chai ikapoa.

Ndipo Javan akainua kichwa. Alikuwa anasafisha spana na kitambaa wakati wote huo.

"Mama, kabla ya Chrispine, nani hupanda kwanza?"

Maneno saba. Nimeyahesabu. Tangu azaliwe hajawahi kuyasema yote siku moja.

Nani hupanda kabla ya Chrispine? Mimi! Mimi hapa! Mwenye boma hufungua, ndipo watoto wafuate. Oktoba tarehe tisa nilitia mbegu yangu ardhini kwa mkono huu kabla yao wote, na imeandikwa humu, fungua uone. Miaka mitatu nilimpa Chrispine mzigo uliokuwa wangu, kwa sababu siku ile ya matanga sikuweza kutazama lile tanuri.

"Trei ya kwanza nitatoa mimi," nikasema. "Kila siku, mpaka nizikwe. Nikishatoa mimi, hakuna atakayesema nani amempita nani. Baada ya hapo kila mtu aende kwenye kazi inayomfaa."

Mwikwabe akapiga meza. Chrispine alipumua kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Kisha tukafanya lile tulilopaswa kufanya Oktoba. Awino akauliza, "Kwanza tunataka kwenda wapi?" Tukakubaliana: mpaka barabara zikauke ni Migori na shule, mkate wa moto, hakuna kingine. Zikikauka, Kegonga kwa Gisiri, halafu Homa Bay. Baada ya hapo ndipo tukataja majina. Awino, meneja, mpaka hapo tutakaposema vingine. Javan, mashine, pikap na kupakia, asitumwe tena kuuza hata kiberiti. Chrispine, nje, watu wote, milango yote. Na siku ya kufungua sehemu mpya yeye ndiye atakayeamua kila kitu kule, na Awino atamfuata. Huyo dada yake alipeana naye mkono kwa hilo, na nikaona hakutabasamu kwa ushindi. Mtoto wangu ana adabu. Wote wana adabu. Sijui wameitoa wapi, labda kwangu.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimetoa trei ya kwanza. Mkate shuleni saa kumi na mbili kasoro dakika tano.

Jumanne, 18 Novemba

Kasoro dakika nane.

Jumatano, 19 Novemba

Kasoro saba. Nimeungua kidogo kwenye kifundo cha mkono. Alama nzuri, imekaa kama bangili.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua ya leo sijaiona tangu nizaliwe. Ilianza jana magharibi, alfajiri ua wetu ulikuwa ziwa, na kuni zote za nje zimelowa. Mwikwabe alishatabiri, akawa ameficha za siku mbili juu ya dari la tanuri. Anajisifu sasa, mwacheni.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi nilitoa trei ya kwanza. Saa ile ile Javan akaja na habari kwamba kijito chini ya shule kimefunika daraja na pikap haiwezi kupita. Awino hakupiga kelele. Alifunga macho kidogo, akafungua, akaanza kutoa amri kama anasoma orodha. "Javan, pakia, fika mpaka kijitoni tu, usijaribu kupita. Mwikwabe, moto usishuke, trei za hoteli zinafuata. Kaka, nahitaji watu wa kuvusha. Kumi na wawili. Una robo saa."

Chrispine hata tai hakuwa nayo. Alikimbilia mvuani akipiga milango. Kwa robo saa, nasema robo saa, alirudi na watu kumi na wanne: waendesha baiskeli, wachinjaji wawili, Osoro, na mume wa Roseline wa kwaya akiwa na pajama. Nani mwingine angeweza kuwatoa watu kitandani katika mvua ile, bila kuahidi kitu, huku wanacheka? Walijipanga kwenye maji yaliyofika mapajani, kamba kutoka mti hadi mti, na kreti zikapita kichwa kwa kichwa, mkono kwa mkono. Chrispine alisimama katikati penye mkondo mkali, akiimba na wao wakiitikia. Mimi nilikuwa ukingoni na mwavuli, nikihesabu kreti kwa sauti na hakuna aliyenisikia.

Tulivuka kwa kushika kamba, mimi na Awino, tukamkuta Madam Mong'ina langoni. Saa kumi na mbili kasoro dakika sita. Alipasua mkate mmoja hapo hapo, mvuke ukatoka. Akaangalia saa, akaangalia mkate, akaangalia saa tena, kama anayetafuta kosa na halioni.

"Nani meneja hapa sasa?" akauliza.

Chrispine alikuwa amelowa mpaka kope. Hapo ndipo ningejua kama tumepona kweli au tulicheza tu kikao.

"Ni dada yangu, Madam," akasema, akamsukuma Awino mbele kwa bega. "Mimi ni jina tu kwenye karatasi."

Akalisema kwa kujivuna. Nimekaa na sauti yake masikioni mpaka saa hii.

Ijumaa, 21 Novemba

Mitihani imekwisha. Madam ametuma barua: mwaka mzima ujao. Nimeisoma mara sita, mara mbili kwa sauti barabarani.

Jumapili, 30 Novemba

Baada ya ibada Roseline akaanza. "Mama Chris, nasikia kifungua mimba wako ameacha umeneja?"

"Hakuacha, amepanda," nikasema. "Meneja anakaa na ukuta. Mwanangu anafungua wilaya. Na yule meneja mwingine, aliyekuwa ataolewa na hamira, ndiye aliyeamuru mumeo atolewe nje na pajama. Au hakukuambia?"

Kina mama walicheka mpaka mchungaji akachungulia.

Jumatatu, 8 Desemba

Kumekauka kidogo. Chrispine ameondoka kwenda Kegonga na orodha ya Awino mfukoni na maneno yake mwenyewe mdomoni. Gisiri ameshatenga ukuta mzima wa hoteli kwa karatasi zetu nyekundu.

Jumatano, 10 Desemba

Nilichelewa leo. Nilisimama kumweleza jirani habari za Kegonga, nikaingia chumba cha tanuri nikiwa bado naongea. Awino alikuwa amesimama na saa ya baba yake mkononi, pala liko tayari, Javan kwenye mlango wa pikap, Mwikwabe ameficha uso nyuma ya kuni ili asicheke.

"Mama," akasema, mbele ya wote, "dakika tatu. Mkate haujui wewe ni mama wa nani."

Miaka hamsini na nne nimeishi, hakuna mtoto aliyewahi kuniambia hivyo. Nilimwangalia machoni. Ni macho ya baba yake, siku alipokuwa akipanga matofali ya kwanza.

"Ndiyo, meneja," nikasema, nikafunga aproni, nikatoa trei.